Kufunga njia ya hewa ya injini ya turbo kwenye Starlet ya zamani: mwongozo kamili

Injini ya turbo ikiingizwa kwenye Starlet ya kawaida, kazi inayoharakishwa kuliko zote ni njia ya hewa. Injini imeshakaa, giaboksi imeunganishwa, waya zimekubali, na mwenye gari ana hamu ya kusikia turbo ikipuliza. Basi filta ya koni inabanwa mdomoni mwa turbo, mipira iliyopatikana inafungwa kwa klipu yoyote, gari linawashwa. Linakwenda, tena linakwenda vizuri. Baada ya miezi michache ya vumbi la murramu, ule udongo mwekundu wa barabara zisizo na lami, mapanga ya turbo yamelika, injini inakula oili, na lawama anapewa aliyeuza injini.

Hapa nashughulikia sehemu hiyo tu: kuanzia hewa inapoingia kwenye boksi la filta hadi inapopita throto, kile kilango kinachofunguka ukikanyaga mafuta. Mfano wangu ni injini ya 4E-FTE ndani ya Toyota Starlet EP82 au EP91, kwa kuwa Toyota yenyewe ilizitoa bodi hizo zikiwa na turbo, kwa hiyo kila kipuri kina mahali pake palipokusudiwa. Ukifuata walivyofanya wao, hutahangaika sana.

Jua injini uliyonayo

4E-FTE ni injini ya cc 1331 iliyofungwa kwenye Starlet GT Turbo ya EP82, na baadaye kwenye Glanza V ya EP91 iliyoanza kutoka mwaka 1996. Inatoa nguvu za farasi 135 ikiwa na turbo ndogo ya CT9. Presha yake ina ngazi mbili: ya chini karibu bar 0.4 na ya juu karibu bar 0.65, yaani kama psi 6 na psi 9.5.

Starlet nyingi za kawaida zina 4E-FE, ndugu yake asiye na turbo. Kwa nje zinafanana kiasi cha kumshawishi mtu ahamishe turbo na intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) tu kwenda kwenye 4E-FE. Usifanye hivyo. 4E-FE inakandamiza kwa uwiano wa 9.6:1, na FTE kwa 8.2:1. Pistoni na koni rodi za FTE zimetengenezwa kubeba presha, nozeli zake za petroli ni kubwa zaidi, na kompyuta yake ni nyingine. Ukiisukumia hewa injini isiyoandaliwa, itaanza kugonga, yaani petroli kulipuka vibaya ndani ya silinda, kisha pistoni itapasuka. Mwongozo huu ni kwa yule ambaye tayari ana FTE kamili.

Kununua: chukua seti nzima

Ukienda Kiseka au Ndeeba, kwa wauza vipuri wa Kampala, kutafuta injini, usikubali kuuziwa injini na turbo peke yake halafu uambiwe hivyo vingine ni vitu vidogo. Ndivyo vinavyokosekana baadaye. Dai boksi la filta pamoja na mfuniko wake na klipu zake, mpira mkubwa unaotoka kwenye boksi kwenda turbo, mabomba ya kwenda na kutoka intakula, intakula yenyewe na breketi zake, valvu ya kurudisha hewa, solenoidi ya presha, sensa ya presha, sensa ya joto la hewa na soketi yake ikiwa na kipande cha waya. Kama muuzaji ana nozikati, yaani pua yote ya gari iliyokatwa, omba na boneti yenye tundu la hewa. Boneti ya EP82 haiingii EP91, kwa hiyo hakikisha ni ya umbo la gari lako.

Piga picha injini ikiwa bado haijafunguliwa. Kila mpira mdogo unakotoka na unakokwenda, piga picha kutoka pembe mbili au tatu. Picha hizo zitakuokoa siku ya kufunga kuliko mchoro wowote.

Kukagua na kuosha kabla ya kufunga

Toa mpira wa mbele ya turbo, shika nati iliyo katikati ya mapanga kwa vidole viwili. Isukume na kuivuta kwenda mbele na nyuma: usisikie kucheza kokote kwa maana. Itikise kushoto na kulia: kucheza kidogo ni kawaida kwa turbo isiyo na oili ndani, lakini panga lisiguse ukuta. Tazama ncha za mapanga kwa tochi. Zikiwa zimelika au zimepinda, turbo hiyo ilikwisha kumeza mchanga, na hakuna njia ya hewa nzuri itakayoifufua.

Intakula ya mtumba huwa na oili ndani. Utando mwembamba si tatizo, ila oili ya kumwagika inamaanisha turbo iliyotoka nayo ilikuwa inavuja. Mimina mafuta ya taa ndani, ziba midomo, tikisa, kisha mwaga kwenye beseni jeupe. Acha yatulie, halafu tazama chini ya beseni. Ukiona chembe zinazometa, hivyo ni vipande vya turbo iliyovunjika, na vitakwenda moja kwa moja kwenye silinda zako. Rudia mpaka yatoke safi, malizia kwa maji ya moto yenye sabuni, uikaushe kabisa juani ikiwa imeinamishwa. Kama chembe zinaendelea kutoka, tafuta intakula nyingine. Naisisitiza hatua hii kwa sababu beseni hugharimu kidogo sana, na ukarabati wa silinda wengi hawaumudu.

Boksi la filta na mpira wa kuingilia

Hapa ndipo mahali pa kutumia muda wako. Hewa ya kati ya filta na turbo iko kwenye mvuto. Tundu dogo katika sehemu hii halitoi sauti wala haliwashi taa yoyote kwenye dashibodi. Linavuta vumbi ambalo halijachujwa na kulipeleka kwenye mapanga yanayozunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika.

Funga boksi la asili lenye filta ya karatasi. Filta ya koni iliyo wazi inapendeza kwa sauti, lakini ndani ya boneti inavuta hewa iliyopashwa moto na turbo na rejeta, na zile za bei rahisi huchuja vibaya. Kwenye lami ya Entebbe labda utavumilia. Kwa gari linalokwenda kijijini wakati wa kiangazi, boksi ni lazima.

Kwenye bodi ambayo haikuzaliwa na turbo, boksi la FTE huenda lisipate matundu yake ya bolti. Tengeneza breketi za bati nene, na uweke raba kati ya breketi na boksi. Injini inatikisika, bodi haitikisiki kwa namna ileile. Boksi lililobanwa chuma kwa chuma litapasuka masikioni. Pua ya boksi inayovuta hewa ielekee mbele au pembeni karibu na taa kubwa, mahali penye hewa baridi, lakini isishuke chini ya usawa wa bampa. Mvua ya Kampala ikinyesha, barabara za bondeni kama Bwaise na Clock Tower hujaa maji kwa muda mfupi sana, na injini ikivuta maji inapinda koni rodi papo hapo.

Kagua ukingo wa filta. Ile raba inayozunguka karatasi inatakiwa iache alama moja isiyokatika kwenye mfuniko. Pakaa grisi kidogo sana kwenye raba, funga, fungua tena, utazame alama: ilipokatika ndipo vumbi litakapopita. Filta za kuiga mara nyingi zina raba nyembamba au fupi kwa milimita chache, na jaribio hili huzifichua pale pale dukani ukienda na boksi lako.

Sasa ule mpira mkubwa wenye mikunjo. Una umri wa miaka 25 na zaidi. Upinde kwa mikono miwili, ufungue kila mkunjo, hasa upande wa chini usioonekana ukiwa umefungwa. Nyufa huanzia hapo. Usizibe kwa gundi wala kwa tepu; gundi inakauka kwa joto, inabanduka, inamezwa na turbo. Kama umekufa, tafuta mwingine, au tumia bomba la alumini lenye viungo vifupi vya mpira wa silikoni kila mwisho. Mpira mlaini mrefu usiutumie upande huu, kwani turbo ikivuta kwa nguvu utanywea na kuziba.

Kwenye mpira huo kuna mdomo wa kupokea mvuke wa oili kutoka kwenye kifuniko cha valvu. Uunganishe kwa mpira unaostahimili oili. Silikoni ya kawaida hulainika ikikaa na mvuke wa oili, kwa hiyo hapa weka mpira wa mafuta wa kawaida.

Intakula: juu ya injini au mbele ya rejeta?

Turbo ikikandamiza hewa, inaipasha. Hewa iliyoingia ikiwa nyuzi 30 kwa presha ya bar 0.65 inaweza kutoka ikiwa imepita nyuzi 90. Hewa ya moto ni nyepesi na inaleta kugonga, ndiyo maana kuna intakula. Kampala iko karibu mita 1,190 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina presha pungufu ya Mombasa kwa asilimia 12 au 13. Turbo ya Kampala inaanza na hewa nyembamba na inalazimika kuizidisha mara nyingi zaidi ili kufikia bar 0.65 ile ile kwenye geji, kwa hiyo inapasha hewa zaidi. Ukipanda Kabale ndiyo kabisa.

Toyota iliiweka intakula juu ya injini, ikipata upepo kupitia tundu la boneti. Vijana wengi wanaitoa na kuweka kubwa mbele ya rejeta. Maoni yangu ni haya: kwa gari la kutembelea lenye presha ya asili, bakiza ile ya juu. Njia yake ni fupi, viungo ni vichache, na hailetwi mbele ya mawe yanayorushwa na malori barabara ya murramu. Udhaifu wake ni foleni. Ukikaa Jinja Road jioni gari likinguruma bila kwenda, inajaa joto la injini, na ukikanyaga ghafla baada ya hapo utahisi gari zito mpaka upepo uipitie tena. Huo ni usumbufu mdogo. Anayepandisha presha au anayekwenda mashindano ana sababu ya kuhamia mbele, naye akubali kukata bampa na kuizibia rejeta sehemu ya upepo wake.

Intakula ya juu haifanyi kazi bila tundu la boneti, na tundu halifanyi kazi bila raba ya kuziba pembeni. Upepo unaoingia lazima ulazimishwe kupita katikati ya mapezi ya intakula. Ukiachiwa nafasi, utapita kando. Kama huna boneti ya turbo, fundi bati mzuri anaweza kukata yako na kupandikiza tundu. Kabla hajakata, funga intakula mahali pake, weka vipande vya udongo wa mfinyanzi juu yake, shusha boneti taratibu kisha uinue. Unene wa udongo uliobaki utakuonyesha nafasi iliyopo. Acha angalau sentimita 2, maana injini huruka kwenye mauntingi zake ukitoa klachi kwa nguvu.

Ukienda kwa ile ya mbele, mabomba yatachomelewa. Katwe kuna mafundi wanaochomelea alumini vizuri. Mwambie afanye mambo mawili: asafishe ndani ya bomba baada ya kuchomelea, asiache shanga za chuma, na kila mwisho wa bomba auwekee ukingo ulioinuka kuzunguka mdomo. Bila ukingo huo, presha ikija mpira utateleza na kuchomoka, hata klipu ikazwe vipi. Mpira upite ukingo, klipu ikae nyuma yake. Futa oili kwenye viungo kabla ya kuvivalisha.

Mipira midogo na breki

Badilisha mipira yote midogo ya vakyumu. Yote. Haigharimu sana, na ya zamani imekuwa migumu mwishoni. Kukata ule mwisho mgumu na kuurudishia mpira ni kujidanganya. Kila mmoja weka klipu ndogo, maana huku kwenye turbo mpira hauvutwi tu, unasukumwa pia.

Kuwa makini na minne hasa. Wa kwanza unakwenda kwenye sensa ya presha. Ukivuja, kompyuta inadanganywa na mchanganyiko wa petroli unaharibika. Wa pili unakwenda kwenye rigyuleta ya petroli, inayotakiwa kupandisha presha ya petroli kadiri turbo inavyopuliza. Wa tatu ni wa aktueta ya turbo, inayofungua mlango wa kupunguza presha; huo ukichomoka hakuna kinachozuia presha, itapanda mpaka kompyuta ikate petroli au kitu kivunjike. Wa nne ni mpira mnene wa servo ya breki, ile inayousaidia mguu kukanyaga.

Ule wa servo una valvu ya njia moja. Itoe, ipulize kwa mdomo: hewa ipite kuelekea injini, isirudi kuelekea servo. Ikirudi hata kidogo, nunua mpya, kwa sababu presha ya turbo ikiingia kwenye servo, utakanyaga breki na kuikuta ngumu wakati unaihitaji. Usiliwashe gari kabla ya kulipima hili.

Sensa

Sensa ya presha iwe ya FTE. Ile ya 4E-FE haikutengenezwa kusoma presha iliyozidi ya hewa ya nje, na kompyuta ya turbo ikiitumia itatoa petroli isiyolingana na hewa. Sensa ya joto la hewa irudishe ilipokuwa kwenye seti uliyonunua. Wengine huiacha ikining'inia karibu na injini kwa sababu waya haufiki. Inasoma joto la boneti, si la hewa inayoingia. Refusha waya.

Wenye Subaru watauliza kuhusu valvu inayotoa hewa nje kwa mlio. 4E-FTE hupima presha kwenye manifoldi (mabomba yanayogawia silinda hewa baada ya throto), kwa hiyo hewa ikitupwa nje haivurugi hesabu ya petroli. Impreza nyingi za turbo hupima hewa mwanzoni mwa njia. Hewa iliyokwisha kuhesabiwa ikitupwa, petroli inazidi na gari linakohoa moshi mweusi. Hata hivyo kwenye Starlet naiacha ya asili inayorudisha hewa ndani, kwa kuwa valvu za nje za bei rahisi huvuja gari likinguruma bila kwenda na kuvuta vumbi lisilochujwa.

Kupima uvujaji kabla ya kuwasha

Nenda duka la mabomba ya maji na mpira wako wa kuingilia, ununue kizibo cha PVC kinachoingia mdomoni mwake kwa kubana. Toboa tundu katikati, vuta ndani yake valvu ya tairi isiyo na tyubu. Hicho ndicho chombo chako cha kupimia.

Toa mpira kwenye boksi, vika kizibo, kaza klipu. Chomoa mpira wa mvuke wa oili na uzibe midomo yote miwili. Fungua kifuniko cha kuwekea oili ili presha ikipenya ndani ya injini ipate pa kutokea, isisukume sili za krenki. Gia iwe nyutro, handibreki juu, mikono mbali na feni na mikanda kwa sababu injini inaweza kujizungusha.

Sasa omba kompresa kwa fundi pancha, lakini rigyuleta yake ishushwe kwanza. Anza na psi 3, kisha 5, na usizidi 10. Kompresa ya tairi ikiachiwa ilivyo itapasua mpira usoni pako. Pakaa maji ya sabuni kwenye kila kiungo, kila klipu, mashono ya intakula, gasketi ya throto, na valvu ya kurudisha hewa. Utasikia hewa ikitoka mahali fulani. Pistoni zenyewe huvujisha kidogo, na hiyo hutokea kwenye mdomo wa oili. Unachotafuta ni mapovu. Mlio mkubwa kwenye mdomo wa oili unaashiria valvu ya mvuke isiyofunga au ringi zilizochoka. Rekebisha, pima tena, mpaka mapovu yaishe.

Kuwasha

Chomoa umeme wa nozeli na wa koili, piga stata mpaka taa ya oili izime, ili turbo isizunguke kavu. Rudisha, washa, acha ingurume bila kuikanyagia.

Funga geji ya vakyumu na presha kwenye manifoldi. Vitabu vinasema injini nzima ikinguruma isome vakyumu (mvuto) ya inchi 18 hadi 20 za zebaki. Hizo ni namba za pwani. Kila mita 300 za kupanda zinakuondolea karibu inchi moja, kwa hiyo Kampala 14 hadi 16 iliyotulia ni afya nzuri. Nimeona mafundi wakifungua injini nzima wakitafuta uvujaji ambao haupo, kwa kutojua hili tu. Sindano inayocheza-cheza, au mngurumo uliopanda peke yake, ndiyo dalili ya hewa kuingia baada ya throto.

Tembea taratibu mpaka joto lifike, kisha panda kilima kwa gia ya tatu huku msaidizi akitazama geji. Ikipita bar 0.7, achia mafuta na urudi kwenye mpira wa aktueta na solenoidi. Ikishindwa kufika 0.4, kuna kiungo kinapuliza nje chini ya mzigo. Ukisikia mlio wa kugonga kama kokoto ndani ya mkebe, simama, zima. Presha isipandishwe kabla gari halijatembea wiki kadhaa bila tatizo.

Baada ya hapo

Baada ya siku chache za kutembea, kaza klipu zote upya injini ikiwa baridi, kwani mipira mipya hukaa. Baada ya safari yoyote ndefu ya murramu, chomoa mpira wa kuingilia kwenye turbo, ingiza kidole kilichoviringwa kitambaa cheupe, uzungushe ndani ya ukuta wake. Kitambaa kikitoka na utando wa oili tu, ni sawa. Kikitoka chekundu, vumbi linapita: anza na raba ya filta, kisha mikunjo ya mpira, kisha klipu, na gari lisitembee mpaka upate tundu.

Namba ya injini mpya iandikishwe kwenye logibuku ya gari mapema, ukiwa bado na risiti ya uliponunua. Siku ya kuuza, mnunuzi atafungua boneti na kulinganisha namba, na polisi barabarani wanaweza kufanya hivyo hivyo.